Kwa nini ulizaliwa Shimoni

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, ya pili nimefunga mlango babaako asisikie. Umekwenda kutaka kitambulisho cha Mzanzibari, umeulizwa mbona umezaliwa Kenya, ukacheka kwa kukosa jawabu. Jawabu ninalo mimi. Nilikunyima kwa sababu ya hasira, na hasira zenyewe hazikuwa za serikali. Zilikuwa za babaako.

Uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 2000 ulivurugika. Mjini Magharibi ukarudiwa kwenye majimbo 16, wapinzani, CUF, wakasusa, Amani Karume wa CCM akaapishwa kuwa Rais wa Zanzibar. Watu walitaka urudiwe wote, na tume iwe huru. Yakaitishwa maandamano Jumamosi, tarehe 27 Januari 2001, polisi wakayapiga marufuku. Mimi nina mimba ya miezi minane na siku zake. Nikamwambia babaako, leo kaa. Akasema anakwenda kuchungulia tu, adhuhuri haitomkuta nje. Akatoka na kikoi na fulana, kama anayekwenda diko.

Hapa Wete, Pemba, risasi tulizisikia tukiwa jikoni. Alirudi magharibi, kapitia migombani, fulana ina damu ya mtu mwengine. Nilimfulia, sikumsemesha. Tume ya uchunguzi ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita baadaye ilitaja waliokufa 31. Watu wa haki za binadamu wakasema ni zaidi. Na kule Micheweni askari naye aliuawa, nalo lisemwe, naye kazaliwa na mtu.

Siku zilizofuata askari walikuwa wakiingia nyumba kwa nyumba kutafuta wanaume. Ikabidi tuvuke usiku, kwa mashua ya kuvulia, nauli pete yangu ya sikio. Kaskazi inavuma, maji yanatuingilia ubavuni, wenzangu wanatapika. Mie nimeshika tumbo nakwambia: usitoke sasa, usitoke sasa. Ukanitii. Sikumbuki kama umenitii tena tangu hapo.

Shimoni, pwani ya Kenya, tulikuta watu wa Pemba wamejaa. Tulifika kama 2,000 kwa jumla. Ulizaliwa siku ya tisa, kwenye zahanati, na mkunga wa Kidigo akakufunga kwa kanga yake mwenyewe. Tulirudi kabla hujaanza kutambaa. Oktoba mwaka huo CCM na CUF wakatia saini Muafaka wa kumaliza ugomvi wao, watu wakapeana mikono. Mie na babaako bado.

Mwaka 2015 tulipanga foleni pamoja tangu alfajiri. Tarehe 28 Oktoba mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, akatokeza kwenye televisheni akasema uchaguzi umefutwa. Babaako akazima, akakaa barazani mpaka usiku. Nilipompelekea chai akaniambia, "Siku ile ningekaa." Miaka kumi na nne nalingoja neno hilo, na nilipolisikia nikaona silitaki. Nikamwambia anywe chai itapoa. Machi 2016 uliporudiwa hatukwenda, wala hatukujadiliana.

Kikaratasi cha zahanati ninacho, kipo kwenye bati la biskuti pamoja na hati ya ndoa. Kina jina langu, la babaako na tarehe, kwa hiyo mwambie karani asome wazazi wametoka wapi kabla hajasoma umezaliwa wapi. Ami yako anavuka Jumatano kwa boti, nampa yeye. Usikikunje tena, mkunjo wa katikati umeshaanza kukata.

Mamaako