Sigaa nzuri inapimwa kwa vidole, siyo kwa bei

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua za wasomaji niseme machache kuhusu sigaa, ile sigara nene ya majani matupu ambayo wengine bado wanaiita biri. Siku hizi inauzwa kwenye baadhi ya maduka ya vinywaji na hoteli za Iringa na Mbeya, na imekuja na imani mbili zinazowatia watu hasara: kwamba nzuri lazima itoke Kuba, na kwamba ya bei nafuu ni takataka. Zote mbili ni uongo. Sigaa ya bei ya wastani iliyosokotwa kwa ustadi na kutunzwa ipasavyo inaishinda ya bei mbaya iliyokauka dirishani, na inaishinda kwa mbali.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatukupaswa kudanganywa kirahisi hapa, maana jani la tumbaku tunalijua. Chunya wanalima tumbaku ya mvuke, Songea na Namtumbo wanalima ya moshi. Ila jani la sigaa linatengenezwa kwa njia nyingine kabisa, na tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kila kitu kinachofuata. Tumbaku ya mvuke inakaushwa kwenye bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, kwa joto la tanuru kwa muda wa wiki moja hivi. Jani linabaki na sukari yake na rangi yake ya njano, na moshi wake una asili ya tindikali. Jani la sigaa linaning'inizwa kwenye bani lenye kupitisha hewa kwa wiki sita hadi nane, likauke taratibu hadi sukari iishe. Baada ya hapo linarundikwa likiwa na unyevu kidogo. Rundo linapanda joto lenyewe, hata kuzidi nyuzi 40 za sentigredi, na wafanyakazi wanalivunja na kulipindua ili lisiungue katikati. Humo ndimo ukali unapoliacha jani pamoja na harufu ya amonia. Moshi wa jani hilo una asili ya magadi, na nikotini yake inapenya kwenye ngozi ya kinywa. Kwa sababu hiyo moshi wa sigaa haumezwi, unaonjwa na kuachiwa. Anayesokota jani la Chunya akidhani atapata sigaa atapata kitu kinachouma ulimi, hata kama jani lenyewe ni la daraja la juu.

Kutomeza moshi kusimpe mtu imani kwamba yuko salama. Saratani ya kinywa, ya koo na ya umio inawapata pia wavutaji wa sigaa. Barua hii ni ya mtu mzima aliyekwisha kuamua mwenyewe, na muuzaji anajua kwamba sheria ya mwaka 2003 inamkataza kumuuzia mtu mwenye umri chini ya miaka 18.

Turudi kwenye bei. Sigaa ina sehemu tatu: moyo, ambao ni majani ya ndani, kifungio, jani gumu linaloushika moyo, na jani la nje, lile linaloonekana. Jani la nje ndilo ghali, kwa kuwa halitakiwi kuwa na tundu wala mshipa mnene, na lina mashamba yake maalumu: Connecticut kule Marekani linalimwa chini ya vitambaa vya kivuli, Ekwado mawingu yenyewe ndiyo kivuli, Kamerun na Meksiko nao wana yao. Kiwanda kikitumia jani la nje lenye rangi isiyolingana, kikauza sigaa kwenye fungu la karatasi ya nailoni badala ya sanduku la mbao lenye nakshi, bei inashuka sana na ladha haipungui. Nikaragua, Hondurasi na Jamhuri ya Dominika wanatoa mafungu ya namna hiyo kwa wingi. Quorum ya Nikaragua ni mfano mmoja, inauzwa kwa mafungu.

Pengine bei inashuka kwa sababu ya moyo. Sigaa ya daraja la juu ina majani marefu yanayoanzia kichwani mpaka mwisho wa kuwashia. Ya nafuu inaweza kuwa na majani yaliyokatwakatwa, au mchanganyiko wa marefu na vipande. Mchanganyiko si dhambi, ukisokotwa vizuri unavutika vizuri. Vipande vitupu vinaungua haraka, vinapata joto na kumwaga majivu shatini. Hata Kuba wanazo: José L. Piedra inatengenezwa kwa vipande, na hawafichi. Kwenye sanduku la Kuba tafuta maneno *Totalmente a mano*, yaani imefanywa yote kwa mkono, yaliyoanza kuwekwa mwaka 1989. Ukiona pia *tripa corta*, ujue moyo ni wa vipande. Na ukiletewa sanduku la sigaa za Kuba lenye mfuniko wa kioo, rudisha. Hiyo ndiyo alama inayojulikana kuliko zote ya bidhaa bandia, na bandia hizo ndizo zinazouzwa kwa bei ya kutisha kuliko kitu halali cha Nikaragua kilichopo rafu ya chini.

Sasa vidole. Kabla ya kulipa omba uishike, hata kama iko ndani ya nailoni. Ishike kwa kidole gumba na cha shahada, ubonyeze kidogo sana kuanzia kichwani kushuka chini, ukiizungusha. Inatakiwa ibonyee kidogo na kurudi, sawasawa urefu wote. Pakiwa na sehemu ngumu kama fundo la kamba, majani yamejikunja hapo na moshi utakwama. Pakiwa na sehemu laini yenye utupu, pataungua haraka na moto utaingia ndani kama handaki. Ikitoa sauti ya kukatika karibu na sikio, imekauka. Ikibonyea na isirudi, ina maji mengi. Kisha geuza uangalie mwisho wa kuwashia: majani yanatakiwa yaonekane yamekunjwa kama mikunjo ya pazia, na yale meusi mazito yawe katikati. Jani zito linaungua polepole. Likikaa pembeni, upande huo utabaki nyuma wakati mwingine unakimbia, na utahangaika nayo mpaka mwisho. Angalia pia kofia, kile kipande cha jani kinachofunika kichwa. Ikiwa imebandikwa vizuri na mstari wake unaonekana wazi, fundi aliyeisokota hakuwa na haraka.

Ukubwa usikusumbue. Unene huandikwa kwa namba ambayo ni sehemu za 64 za inchi, hivyo 50 ni karibu milimita 20. Robusto, ambayo huwa na urefu wa inchi 5 na unene wa 50, inachukua kati ya dakika 45 na saa moja.

Jambo linaloharibu sigaa nyingi huku kwetu ni utunzaji. Sigaa inataka unyevu wa hewa wa asilimia 65 hadi 70, na joto la nyuzi 18 hadi 21. Kwa joto Mungu ametupendelea: Mbeya iko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na nyumba nyingi zina ubaridi huo bila mashine yoyote. Unyevu ndio mtihani. Kuanzia Mei mpaka Oktoba hewa yetu ni kavu, midomo inapasuka, na sigaa iliyoachwa kwenye kabati la kioo inaanza kupasuka jani la nje ndani ya siku chache. Masika yakiingia mambo yanageuka, na Tukuyu ambako mvua haina likizo shida inakuwa ukungu.

Sanduku la mbao la kifahari halihitajiki. Chukua kontena la plastiki lenye mfuniko wa mpira usiopitisha hewa, lioshe, liache wazi siku mbili tatu mpaka lisinuke chochote. Weka ndani pakiti ya kurekebisha unyevu iliyoandikwa 65 au 69. Ya gramu 60 inatosha sigaa 25 hivi. Weka na kipima unyevu kidogo cha dijitali. Usiweke kipande cha tufaha wala kiazi kama wanavyoshauriana watu, kwani hicho ni chakula cha ukungu. Anayetumia sifongo asitumie maji ya bomba, atumie maji yaliyokenekwa. Fungua kontena mara moja kwa wiki hewa ibadilike.

Kipima unyevu nacho kinadanganya, kwa hiyo kipime kwanza. Chukua kizibo cha soda, kijaze chumvi ya mezani, dondoshea maji kidogo kidogo mpaka chumvi iwe kama mchanga mbichi bila kuyeyuka. Weka kizibo hicho pamoja na kipima unyevu ndani ya chupa pana au mfuko unaofungika vizuri, uache usiku kucha. Chumvi iliyolowa inaweka hewa iliyofungiwa kwenye asilimia 75. Kipima kikisoma 70, basi kila siku ongeza 5 kwenye unachokisoma. Chumvi ikiwa imeyeyuka yote umezidisha maji, rudia.

Sigaa iliyokauka inaweza kufufuka, ila kwa subira. Ukiirusha ghafla kwenye unyevu mkubwa, moyo unavimba kabla jani la nje halijalainika, na jani linapasuka kutoka juu hadi chini. Ianzishe kwenye pakiti ya 62 kwa wiki mbili, ndipo uihamishie 65 au 69. Mafuta yaliyokwisha kutoka hayarudi, lakini walau itaungua sawasawa.

Mdudu wa tumbaku naye asisahaulike. Ni mdogo wa rangi ya kahawia, milimita 2 hadi 3, na anatoboa tundu dogo la duara kama fukusi anavyotoboa punje ya mahindi. Mayai yake yanaanguliwa joto likizidi, na ubaridi wetu unamzuia kwa kiasi. Tatizo ni kwamba mizigo mingi imepitia Dar es Salaam, au imekaa kwenye gari juani kutwa nzima. Ukiona tundu au unga mlaini chini ya kontena, funga sigaa zote kwenye mifuko miwili, moja ndani ya nyingine, weka kwenye friji siku moja, friza siku tatu, friji tena siku moja, ndipo uzitoe. Hatua ya friji ukiiruka, majani yanapasuka kwa kubadilishiwa baridi ghafla.

Kuwasha ni kazi ndogo inayoharibiwa na haraka. Kata kofia milimita 2 tu kutoka juu, kwa kisu kikali. Ukishuka chini ya mstari wa kofia, jani la nje linafunguka kama bendeji. Usiwashe kwa mshumaa, kaa la jikoni, wala kiberiti cha petroli, maana harufu inaingia kwenye jani na haitoki. Tumia njiti ndefu ya mbao na usubiri kichwa chenye baruti kiishe kuungua, au kiberiti cha gesi. Vile vya moto mkali kama wa fundi wa kulehemu wakati mwingine vinakataa kuwaka miinuko hii kwa wepesi wa hewa. Punguza gesi, vitashika. Shikilia mwisho wa sigaa juu ya moto bila kuugusa, zungusha mpaka ukingo wote uwe mwekundu, ndipo uvute.

Vuta mara moja kwa dakika. Anayevuta kama sigara ya kawaida anaipasha moto, na machungu anayolalamikia ameyapika mwenyewe. Upande mmoja ukibaki nyuma, ugeuzie chini, kwa kuwa moto hupenda kufuata hewa ya chini. Ukikataa, uguse kwa njiti. Makambako au popote penye upepo ule, kaa nyuma ya ukuta, maana upepo ndio unaounguza upande mmoja hata sigaa iliyosokotwa kwa ustadi. Kikombe cha kahawa ya Mbozi isiyo na sukari kinaendana nayo vizuri.

Kwa asiyetaka habari za kontena na pakiti ipo njia nyingine, nayo inatuhusu zaidi. Waitaliano wanatengeneza sigaa iitwayo Toscano kwa tumbaku ya moshi ya aina ya Kentucky, jani lililokaushwa juu ya moto wa kuni kama wanavyofanya wakulima wa Songea na Namtumbo. Haina kifungio, ina moyo na jani la nje tu, inavutwa ikiwa kavu, na wengi huikata katikati wakapata mbili. Waholanzi nao wana sigaa ndogo za kavu. Hizi hazihitaji unyevu wa asilimia 65, na kiangazi chetu haziwezi kukiogopa. Nashangaa wafanyabiashara wetu hawazileti.

Ombi langu kwao ni dogo. Toeni sigaa dirishani na mbali na viungo na sabuni, wekeni kipima unyevu ambacho mteja anaweza kukisoma, uzeni moja moja, na mumruhusu mnunuzi azibonyeze kabla ya kulipa.

Msomaji wako,
Mbeya