Barua ya wazi kwa vijana wa TEHAMA, Arusha

Marahaba, wanangu, kuanzia Njiro mpaka Sakina.

Nina hasira, sifichi. Kijana mmoja wa ofisi fulani hapa mjini kaambiwa asirudi kazini. Umeme ulikatika, ukarudi na nguvu kubwa, seva (kompyuta kuu ya ofisi) ikaungua pamoja na bukingi za watalii za msimu mzima. Kijana alishaomba UPS mpya, kile kifaa cha kushikilia umeme ukikatika, na diski ya kuwekea bakapu, yaani nakala za akiba, tena zaidi ya mara moja. Tatizo aliomba kwa mdomo, kwenye korido, bosi akiwahi gari lake jipya. Leo bosi anaapa hajawahi kuambiwa kitu.

Ombi la mdomo si ombi! Andikeni. Barua pepe fupi tu: kifaa gani, bei gani, kisiponunuliwa litatokea nini. Akijibu "tutaangalia", tunza jibu hilo (na usilitunze kwenye seva hiyohiyo).

Halafu usiniambie "bakapu ipo, mzee". Lini umeirudisha kwenye mashine nyingine, ukafungua faili, ukaona majina na tarehe zimekaa sawa? Januari 2017 GitLab, kampuni ya kutunzia kazi za waandika programu, watu wanaoijua kazi hasa, walifuta kwa bahati mbaya data ya seva yao kuu. Kukimbilia bakapu, nyingi hazifanyi kazi. Iliyowaokoa ilikuwa ya saa 6 nyuma. Wakaeleza kila kitu hadharani, wakachambua mfumo ulipofeli badala ya kumsulubu fundi. Kwetu swali la kwanza ni nani aliishika kompyuta mwisho.

Mengine nayapitia. Paswedi ya seva isijulikane na mtu mmoja tu. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine zilizobaki nayo zihesabuni. Msimcheke mama wa uhasibu anayesahau paswedi kila Jumatatu, mshahara wenu unapita mikononi mwake. Na televisheni ya nyumbani kwa bosi si kazi ya kitengo.

Nanyi wakurugenzi! Mtandao ukitembea, mnasema hawa vijana wanalipwa kwa kukaa. Ukikwama, mnasema wanalipwa bure. Sasa wafanyeje?

Kijana yule bado yuko nyumbani, na kazi anaiweza. Mwenye nafasi, iwe hapa au Moshi, anitafute nimuunganishe naye. Ila aje na mkataba wa maandishi.

Mzee wenu,
Njiro