Daftari kabla ya mtaji: barua kwa walimu wa vyuo vya afya

Walimu wenzangu, wadogo zangu,

Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka 34, na 6 kati ya hiyo niliendesha zahanati yangu mwenyewe. Hiyo 6 ndiyo inayonifanya niandike. Nasikia vyuo vingi vinaingiza somo la ujasiriamali kwa wanafunzi wa uuguzi, famasia, maabara na utabibu, na jambo hilo linanifurahisha sana. Lakini nimeona pia linavyofundishwa: vipindi viwili vitatu mwisho wa muhula, mwanafunzi anaandika mpango wa biashara wa kurasa 20, anapewa alama, basi. Hapo naomba mnisikilize.

Zahanati yangu haikuyumba kwa kukosa wagonjwa. Foleni ilianza kabla sijafungua mlango. Iliyumba kwa sababu fedha zote zilikaa kwenye droo moja. Asubuhi natoa za glavu, mchana natoa ada ya mtoto wangu, jioni nahesabu zilizobaki na kuziita faida. Mwaka wa tatu nilipanda kigoda kutafuta bomba za sindano kwenye kabati la juu, nikakuta maboksi 11 ya antibiotiki ya sindano, hata gundi ya mfuniko haijabanduliwa, yamepitwa na muda miezi miwili. Niliyaagiza mengi kwa sababu msambazaji alinipa punguzo. Wiki hiyohiyo aliletwa mtoto anayehema mbio, mbavu zinabonyea kila akivuta pumzi, na dawa ya nimonia ilikuwa imeniishia. Fedha ya kuagiza nyingine ilikuwa imelala kwenye yale maboksi. Nilimwandikia rufaa mikono ikitetemeka. Mtoto alifika hospitali, akapona, namshukuru Mungu. Ila yule mama alivyonitazama akitoka mlangoni sijasahau hadi leo.

Chuoni nilifundishwa kupima mapigo ya moyo na kuchanganya dozi. Hakuna aliyenifundisha kwamba dawa inayokaribia kuisha muda ipangwe mbele itoke kwanza, wala kwamba fedha ya zahanati si yangu hadi nijilipe mshahara na niuandike. Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo niliijua tangu utotoni, sikuwaza kwamba inanihusu mimi na kabati langu la dawa.

Kwa hiyo wapeni wanafunzi daftari kabla ya kuwaambia habari za mtaji. Mpeni kila mmoja kipimo kimoja cha maabara, akitafutie gharama yake yote: kitendanishi (kemikali ya kupimia), glavu, umeme, dakika za mtu wa maabara, na kile kipimo kilichoharibika kikarudiwa bila malipo. Wengi husahau hicho cha mwisho. Akishajua kipimo kinamgharimu kiasi gani, atajua wasio na uwezo wangapi anaweza kuwapima bure kwa mwezi, na zahanati ikaendelea kuwa wazi mwezi unaofuata. Leseni, kodi na bima zina umuhimu wake, lakini hizo mtu huzisoma kwenye kanuni na kuuliza ofisini.

Wasimulieni habari za Dk. Govindappa Venkataswamy wa India. Vidole vyake vilipindwa na ugonjwa wa baridi yabisi, akajifunza upya kushika kisu cha upasuaji. Mwaka 1976, akiwa amekwisha kustaafu utumishi wa serikali, alifungua hospitali ya macho ya vitanda 11 mjini Madurai, ndiyo hii inayojulikana leo kama Aravind. Wengi humsifu kwa huruma, na ni haki yake. Mimi nataka wanafunzi watazame chumba chake cha upasuaji: daktari anapomaliza kumtoa mgonjwa mmoja mtoto wa jicho, anayefuata amekwisha kuandaliwa kwenye kitanda cha pembeni. Muda wa daktari haupotei, wagonjwa wanakuwa wengi, na malipo ya wenye uwezo yanabeba matibabu ya wasio nao. Lenzi za kupandikiza ndani ya jicho zilipokuwa ghali kuagiza, mwaka 1992 wakaanzisha kiwanda chao, Aurolab, wakazitengeneza wenyewe. Huruma ile ilikuwa na hesabu ndani yake.

Najua wapo kati yenu wanaoogopa kwamba somo hili litageuza wauguzi kuwa wachuuzi. Hofu hiyo ni ya haki, na sitaki muiache. Anayenunua viatu anajua mguu wake. Mgonjwa hajui anahitaji nini. Sisi ndio tunaomwambia, kisha sisi haohao tunamuuzia. Mwanauchumi Kenneth Arrow aliliandika jambo hili mwaka 1963, na kila aliyewahi kukaa nyuma ya kaunta ya dawa analijua mwilini mwake. Msilitenge likawa mada ya maadili ya siku nyingine. Liingizeni humohumo kwenye hesabu.

Fanyeni hivi darasani. Mwanafunzi akae mezani, daftari lake linaonyesha kodi ya pango inadaiwa kesho. Aje mwenzake akiwa mgonjwa wa mafua ya kawaida, noti mkononi, anang'ang'ania apewe antibiotiki. Mwanafunzi amkatalie kwa sauti, kwa heshima, amweleze kwa nini haitamsaidia, na mgonjwa aondoke akiwa bado anamwamini. Kisha aje mtu wa maabara ya jirani kumwahidi kamisheni kwa kila mgonjwa atakayempelekea. Warudie mara tatu, mara nne, hadi maneno yakae mdomoni. Kukataa nako ni ujuzi wa mkono kama kufunga jeraha, na siku ya shida mtu hufanya kile alichokizoea.

Zahanati yangu ilisimama tena tangu mwaka wa nne, nilipoanza kuandika kila kitu, na nilipochoka niliikabidhi kwa muuguzi kijana ikiwa haina deni. Madaftari ya miaka ile mitatu ya mwisho bado ninayo, yana madoa ya ayodini na hesabu nilizokosea nikazikata kwa kalamu nyekundu. Mwalimu atakayeyataka kwa ajili ya darasa lake, nitayaleta mwenyewe na kukaa na wanafunzi hadi ukurasa wa mwisho.

Dada yenu katika kazi,
Muuguzi mstaafu