Kwa dada yangu: moyo wa mwanao, moyo wa baba

Dada yangu,

Nakuandikia hadharani kwa sababu najua si wewe peke yako unayelala na swali la kama wewe ndiye uliyesababisha kasoro ya moyo wa mtoto wako. Tangu uambiwe mwanao ana tundu kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo, umekuwa ukijihukumu: mizigo uliyobeba, kazi za usiku, hasira uliyokuwa nayo mimba ikiwa ya miezi saba. Dada, kwenye mwezi wa saba moyo wake ulikuwa umeshajengwa zamani.

Moyo hutangulia viungo vingine kuanza kazi. Siku ya 22 hivi tangu mimba kutungwa, mrija mdogo wa seli huanza kudunda, wakati mama ndio kwanza anajiuliza mbona hedhi imechelewa. Mrija huo hujikunja, kuta huota ndani yake, na ifikapo wiki ya 8 vyumba vinne vipo. Kazi yote hiyo huongozwa na jeni. Karibu kila seli ya mtoto ina jeni zilezile, kama 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini. Seli ya moyo hutofautiana na ya ini kwa sababu ya jeni zilizowashwa, wakati zinapowashwa, na kiasi cha protini kinachotoka.

Hapo kwenye kiasi ndipo ninapotaka utulie nami. Kuna jeni zinaitwa NKX2-5, TBX5 na GATA4. Protini zake ni kama wasimamizi wa ujenzi: hazibebi tofali hata moja, ila hushika DNA na kuamuru jeni nyingine ziwake. Kila mtu ana nakala mbili za kila jeni hizo, moja ya mama na moja ya baba. Mwaka 1998 watafiti walionyesha kwamba katika baadhi ya familia ambamo matundu ya moyo yanarudiarudia, nakala moja tu ya NKX2-5 ndiyo yenye hitilafu. Ya pili ni nzima na inafanya kazi yake, lakini nusu ya protini haitoshi kuukamilisha ukuta. Mwaka uliotangulia, TBX5 ilikuwa imetambuliwa kuwa chanzo cha ugonjwa wa Holt-Oram, unaoathiri moyo pamoja na mikono, hasa dole gumba, maana jeni hiyohiyo hutumika kujenga sehemu zote mbili. Uliniuliza kwa nini daktari wa moyo alimkagua mtoto vidole. Ndiyo sababu.

Sisemi kwamba kwake ni jeni fulani. Karibu mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na kasoro ya moyo, na kwa wengi wao hakuna sababu moja inayoonekana. Yapo kweli mambo ya upande wa mama yanayoweza kuuvuruga ujenzi: kisukari kisichodhibitiwa tangu mwanzoni mwa mimba, rubela, pombe, baadhi ya dawa za kifafa na za chunusi. Walikuuliza yote hayo na hukuwa na hata moja. Mizigo na hasira havikuulizwa kwa sababu havimo.

Sasa nije kwa baba yetu. Uliposema kipimo chake cha BNP, homoni ambayo moyo ulioelemewa huimwaga kwenye damu, kiko juu, nilitamani nikueleze papo hapo, maana katika yote niliyosoma kuhusu moyo hili ndilo lililonigusa zaidi. Baada ya kuzaliwa, seli za misuli ya moyo karibu ziache kabisa kugawanyika. Mwaka 2009 watafiti wa Uswidi walizikadiria umri kwa kaboni-14, aina ya kaboni yenye mnunurisho, iliyotapakaa hewani wakati wa majaribio ya mabomu ya nyuklia, wakakuta kijana wa miaka 25 hubadilisha asilimia 1 tu ya seli hizo kwa mwaka, na mzee wa miaka 75 chini ya nusu ya hapo. Kwa hiyo presha ya miaka mingi inapoubana moyo, hauna uwezo wa kuongeza seli za maana. Zilizopo hunenepa. Na zikishaelemewa, huziwasha tena jeni zilizofanya kazi tumboni mwa mama na kupunguzwa baada ya kuzaliwa, zikiwemo NPPA na NPPB. BNP hutokana na hiyo NPPB. Hata mafuta, ambayo ndiyo chakula kikuu cha moyo wa mtu mzima, huanza kuachwa na moyo ukaelekea kwenye sukari, kama ulivyokuwa kabla ya kuzaliwa.

Sioni kwamba moyo wa baba umechanganyikiwa. BNP hutanua mishipa na kuhimiza figo zitoe chumvi na maji, kwa hiyo sehemu ya mwitikio huo ni ya kujitetea, ingawa ukidumu haumtoshi na misuli huendelea kudhoofika. Usiisome namba ile kama hukumu; humwonyesha daktari jinsi moyo ulivyoelemewa, na dawa zikifanya kazi huweza kushuka. Asiziache kwa sababu tu miguu imeacha kuvimba.

Kuhusu mtoto, kliniki ijayo uliza ukubwa wa tundu, kwani madogo ya aina hiyo mara nyingi hujifunga yenyewe. Uliza pia kama mapigo yake yamepimwa kwa ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, kwa sababu hitilafu ya NKX2-5 huweza kuathiri njia za umeme wa moyo hata tundu likishazibwa. Na waambie kuhusu shangazi yetu aliyewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo akiwa bado kijana. Hilo sidhani kama uliwahi kulitaja, na ndilo litakalowasaidia kuamua kama kipimo cha jeni kinafaa kwa familia yetu.

Mdogo wako