Yah: Malalamiko kuhusu mbao za mvule mlizoniuzia kuwa ni kavu

Mji Mkongwe, Unguja
24 Februari 2025

Kwa Meneja wa Mauzo,
Kampuni ya mbao, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Salaam. Mimi ni fundi seremala na mchonga nakshi hapa Mji Mkongwe. Tarehe 11 Novemba 2024 nilinunua kwenu mbao 7 za mvule, inchi 3 kwa 10, urefu futi 8, kila moja shilingi 185,000. Jumla ni 1,295,000, na kuzivusha hadi Unguja nikatoa 140,000 nyingine. Risiti mliyonipa imeandikwa: "mvule, umekaushwa tanurini, unyevu asilimia 12". Kwa sababu ya maneno hayo nililipa zaidi ya bei ya mbao zilizopangwa uani kwenu, na sikubishana bei, maana kazi niliyokuwa nayo haikutaka mbao za namna nyingine.

Kazi yenyewe ni mlango wa nakshi wa nyumba ya mawe na chokaa, mlango wa pande mbili wenye mfaa, yaani ubao wa kusimama unaofunika kiungo cha pande hizo katikati. Kizingiti cha juu kilikuwa kimeoza kwa maji ya paa na mwimo wa kushoto, yaani mti wa kusimama wa fremu, ulikuwa umeliwa na mchwa mpaka magotini. Mwimo wa kulia ulikuwa mzima isipokuwa futi moja ya chini, kwa hiyo nikaukata pale penye ubovu nikaunga mti mpya kwa kupishanisha. Mwenye nyumba, bibi wa makamo, aliniomba jambo moja tu: mlango urudi ulivyokuwa, usiwe na msumari wa chuma kwenye maungio. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo ninavyofanya. Mwimo unaingia kwenye kizingiti kwa ulimi, yaani ncha yake iliyopunguzwa, tundu nalichimba kwa juba, patasi nene ya kuchimbia matundu, kisha napitisha kigingi cha mti mgumu. Tundu la kigingi kwenye ulimi silitoboi sawasawa na lile la kwenye kizingiti. Naliweka kama milimita 2 karibu zaidi na shina la ulimi, ili kigingi kikipigwa kiuvute mwimo na kuukaza dhidi ya kizingiti. Ungio la namna hiyo halihitaji gundi. Linahitaji mti uliomaliza kusinyaa.

Mbao zilipofika nilizipanga karakanani wiki mbili, nikaweka fito kati yake hewa ipite. Nilipopasua ubao wa kwanza kwa urefu, msumeno ulibanwa. Sikuwa nimefika futi mbili, pande mbili za mkato zikajifunga juu ya msumeno, nikalazimika kutia kabari ndipo niutoe. Siku hiyo hiyo nilipiga simu ofisini kwenu. Kijana wenu wa mauzo akaniambia mvule ndivyo ulivyo, niendelee na kazi. Nimeshika mvule miaka 22, Ndugu Meneja, na sijaona mvule mkavu ukijifunga hivyo, lakini nilikuwa na risiti yenu mkononi na nikaiamini kuliko msumeno wangu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Sasa naelewa vizuri kilichotokea. Mbao nene kama zile zikitiwa tanurini na moto ukaharakishwa, sehemu ya nje hukauka na kukaza wakati ya ndani bado ina maji. Nje inakazana kabla haijasinyaa vya kutosha, kisha ndani ikitaka kusinyaa nje inaizuia, na ubao unabaki unajivuta wenyewe kwa wenyewe. Ukigusa kwa mkono ni mkavu. Ukitia kipimo cha unyevu chenye sindano fupi kinasoma juu juu na kukupa namba nzuri. Ukiupasua ndipo yaliyo ndani yanapojitokeza.

Mlango niliusimamisha tarehe 8 Januari. Uso wake unatazama magharibi, na kaskazi ya mwaka huu imekuwa na jua kali. Kufikia katikati ya Februari hali ni hii. Mwimo mpya, ambao niliuranda na kuupima kabla ya kuufunga, sasa umepungua upana kwa milimita 3. Urefu haukubadilika, kwani mti haufupiki kwa maana ya kuonekana. Hupungua upana na unene. Ulimi wake umesinyaa ndani ya tundu na kigingi nakizungusha kwa vidole viwili. Ulimi wa mwimo wa zamani, ambao ni mti uliochongwa kabla hata baba yangu hajazaliwa, umekaa pale pale nilipoupigia nyundo. Miti hiyo miwili iko kwenye mlango mmoja, chini ya jua moja, na imefanyiwa kazi na mkono mmoja. Picha nimeambatanisha, atakayeziangalia hatahitaji maelezo yangu.

Kibaya zaidi ni kizingiti. Nilikichonga siku 26 kwa patasi na bobari, patasi yenye makali ya kuviringa, yungiyungi katikati na mnyororo pembezoni, nikifuata vipande vya kile cha zamani nilivyovikusanya na kuvipanga sakafuni. Ufa umeanzia upande wa kushoto, ukapita katikati ya yungiyungi na kutokea chini kwenye mnyororo. Nakshi iliyopasuka hivyo haizibwi. Ukiijaza unga wa mbao na gundi itaonekana kila siku jua likiipiga, na masika yakiingia mti utavimba uisukume gundi nje.

Nilipowapigia mara ya pili, tarehe 17 Februari, ofisa wenu aliniambia kwamba hata Ulaya mafundi hujengea mbao mbichi. Nimelifikiria neno hilo kwa makini, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Ni kweli kwamba Uingereza mafundi wa nyumba za fremu za mbao hutumia mwaloni mbichi, kwa kuwa ukishakauka ni mgumu mno kuchongwa. Lakini fundi yule anajua kwamba mti wake ni mbichi. Aliyemuuzia alimwambia. Anapanga maungio yake akijua upande upi utasinyaa, anatumia vigingi vikavu ndani ya mti mbichi ili mti ukikauka uvibane, na nguzo yake ikipata ufa wa urefu hakuna anayestuka, kwa sababu kazi ya nguzo ni kubeba paa. Mlango wa nakshi hauna nafasi hiyo. Mngeniambia mbao ni mbichi, ningezipanga kivulini mwaka mzima au zaidi, au ningetafuta kwingine. Uamuzi huo mliniondolea mlipoandika asilimia 12.

Sitaki neno langu lisimame peke yake. Mbao 3 kati ya zile 7 sikuzitumia. Tarehe 19 Februari nilikata kipande katikati ya ubao mmojawapo, mbali na ncha, nikachukua kiini chake na kukipima kwa mizani ya duka la dhahabu: gramu 498. Nikakikausha kwenye oveni ya jirani kwa nyuzi 103, nikikipima kila baada ya saa chache mpaka uzito ukaacha kushuka. Ulisimama kwenye gramu 411. Maji yaliyotoka ni gramu 87, yaani asilimia 21 ya mti mkavu. Na huo ni ubao uliokaa karakanani kwangu miezi mitatu. Siku mlipouza ulikuwaje? Zile mbili nyingine njooni mzipime wenyewe, nimezifunika na hazitaguswa.

Ninachodai ni hiki. Nirudishiwe bei ya mbao zote 7, shilingi 1,295,000, pamoja na 140,000 za usafiri. Nilipwe siku 26 za kuchonga kizingiti upya kwa 40,000 kwa siku, ambazo ni 1,040,000. Jumla ni shilingi 2,475,000. Siku za mwimo na za kufungua na kufunga mlango mara ya pili nitazibeba mimi. Pia naomba mnieleze kwa maandishi ni nani anayepima unyevu hapo kwenu na anaupima vipi, kwa sababu najua mafundi wengine wawili wa hapa waliochukua mbao katika tanuri hilo hilo na bado hawajaanza kazi. Mmoja anatengeneza milango ya msikiti. Nimemwambia asubiri.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu, barua hii na viambatanisho vyake nitavipeleka Tume ya Ushindani, ambayo hupokea malalamiko ya wateja kama haya.

Kwa sasa nimekishusha kizingiti na kuziba mlango kwa mabati. Bibi mwenye nyumba anaingilia mlango wa uani, anapitia jikoni kwa jirani. Masika yataanza mwezi ujao na ukuta wa chokaa pale juu uko wazi, kwa hiyo nawaomba msichelewe.

Wenu,

Fundi seremala, Mji Mkongwe

Viambatanisho: nakala ya risiti ya 11 Novemba 2024, picha 9 za mwimo, kigingi na kizingiti, kipande cha ubao kilichokaushwa, pamoja na karatasi ya vipimo vyake.