Barua kwa swahiba anayerudia mitihani

Swahiba wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema umefeli kwa sababu ya uvivu. Neno hilo nilikupachika mimi mwaka jana, tulipokaa chumba kimoja, na leo naomba nilichukue.

Nilikuwa nikikuona umelala hadi saa nne asubuhi, kitabu kiko wazi ukurasa uleule wa jana, nikasema moyoni: huyu hana nidhamu. Simu za usiku nilizisikia pia, ila sikuzihusisha na usingizi ule. Mama analia, baba kaondoka tena, mdogo wako karudishwa kwa karo, na wote wanakupigia wewe mtoto wa kwanza. Ukikata simu ni saa saba. Somo lako la Takwimu lingekaa kichwani saa ngapi? Kwetu simu ilikuwa moja kwa wiki, baba akiuliza kama nakula. Basi nikajiona mimi ndiye mwenye bidii!

Si kwamba tabia haina nguvu. Mwaka 2009 mtafiti Arthur Poropat alijumlisha tafiti zilizohusu watu zaidi ya 70,000. Aligundua kwamba, alama za sekondari zikishazingatiwa, hulka ya kupanga kazi na kuitimiza inasaidia kukisia matokeo ya chuoni sawa na akili yenyewe. Lakini hulka hiyo nayo ina kwao. Mimi nilitoka nyumba ya amri: amka, soma, lala. Diana Baumrind, aliyechunguza malezi tangu miaka ya 1960, aliwatenga wazazi wa namna hiyo na wale wanaodai mengi huku wakieleza sababu na kumsikiliza mtoto. Muhula wa kwanza, amri zilipokosekana, nilikosa mihadhara wiki tatu mfululizo. Aliyeniazima daftari ni wewe.

Wewe kujiamsha ulijua tangu utotoni, tena uliwaamsha na wadogo zako. Uvivu uutoe wapi?

Mitihani ya marudio ni wiki tano zijazo. Ongea na mama, simu ziwe za jioni, kabla ya saa tatu, isipokuwa kuna dharura. Mshauri wako wa masomo naye mdokezee, hata kwa ufupi. Anachokiona yeye ni alama tu. Takwimu tuzisome pamoja kwa simu kila Jumamosi. Daftari langu lipo, ingawa mwandiko wangu unaujua.

Nijibu upesi.

Wako wa chumba namba tisa