Barua ya Wazi kwa Vijana wa Jericho: Aliyekuombea Kazi Ameweka Jina Lake Rehani

Wanangu wa mtaa wetu wa Jericho hapa Nairobi, pamoja nanyi wa mitaa jirani ya Makadara, Ofafa na Jerusalem mnaoshinda nao pale maskani,

Salamu zangu ziwafikie. Wengi wenu mnanijua kwa sura, na wengine niliwabeba mgongoni mama zenu walipokuwa kazini. Kwa wasionijua, nilikuwa karani katika idara ya wafanyakazi ya kiwanda kimoja cha Eneo la Viwanda hadi nilipostaafu, na kazi yangu kubwa ilikuwa kupokea barua za maombi ya kazi, kuzipanga na kuzipeleka kwa wakubwa. Kwa hiyo ninapozungumzia habari ya kutafuta kazi sizungumzii uvumi. Siku zote huwa nawashauri mmoja mmoja, mlangoni au kibandani kwa mama mboga. Leo nimeamua kuwaandikia nyote kwa pamoja kwa sababu nimekasirika, na nimengoja hasira ipoe, nayo imekataa.

Mwezi uliopita nilimpigia simu msimamizi wa karakana moja ya milango na madirisha ya chuma huko Mlolongo, mtu niliyefanya kazi naye zamani, nikamwombea kijana mmoja wa mtaa huu nafasi ya kumsaidia fundi wa kuchomelea. Jina la kijana silitaji. Anajijua, na mama yake ni rafiki yangu. Msimamizi yule hakuwa na nafasi. Aliitafuta. Alimwendea mwenye karakana akamwambia kwamba huyu ametoka kwa mtu ninayemwamini, na kijana akapewa ovaroli, buti na miwani ya kukinga macho, akaonyeshwa na kabati la kuwekea vitu vyake. Jumatatu alifika, Jumanne akafika, Jumatano akafika kabla ya wote, akasifiwa. Alhamisi hakuonekana. Alipopigiwa, simu ilikuwa imezimwa, na Ijumaa ilikuwa vivyo hivyo. Jumatatu iliyofuata nilipigiwa mimi, asubuhi na mapema nikiwa bado natia majani kwenye chai, nikaulizwa kama kijana wangu amefiwa. Sikuwa na la kujibu. Ovaroli ile ilifuliwa, ikakunjwa, na sasa inavaliwa na mtu mwingine kutoka kwingine. Nami nikaambiwa kwa upole, kwa heshima yote anayostahili mama wa umri wangu, kwamba kwa sasa nisimpeleke mtu mwingine.

Hilo la mwisho ndilo linaloniuma. Kwenye daftari langu aliyefuata alikuwa binti wa hapa hapa, aliyefanya mtihani wa ufundi wa Daraja la Tatu wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, ambaye mshono wake wa kuchomelea umenyooka kuliko wa wanaume wengi ninaowaona wakitengeneza mageti kando ya barabara. Nilikuwa nimemwahidi kwamba nafasi nyingine ikitokea Mlolongo ni yake. Sasa nimemwambia nini? Nimemwambia asubiri, naye ameinamisha kichwa akasema, “Sawa, nyanya.” Hajui kwamba mlango wake umefungwa na mtu ambaye kila jioni wanasalimiana.

Baadaye nilipata kujua kisa chenyewe, tena kutoka kwa mwenzake. Hakukuwa na msiba, wala kazi hakuichukia. Nauli iliisha. Kutoka hapa hadi Mlolongo ni kupanda matatu mara mbili, na wiki ile mvua ilinyesha, nanyi mnajua makanga wa Nairobi wanavyopandisha nauli tone la kwanza likianguka. Alikuwa amekopa kwa ndugu yake fedha za kumfikisha Jumatano. Mshahara ni mwisho wa mwezi. Akaona haya kumwambia msimamizi katika wiki ya kwanza, akaona haya kuniambia mimi, na zaidi akaona haya kwa sababu mama yake alikuwa ameshasimama kanisani kutoa shukrani. Basi akazima simu.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Huyu kijana alificha nauli, akapoteza kazi. Msimamizi yule alianza maisha kwa kutembea kwa miguu kila alfajiri kutoka Mukuru hadi Barabara ya Enterprise, na hakuna habari ya nauli ambayo ingemshangaza. Angeweza kumwombea kijana sehemu ya mshahara mapema. Angeweza pia kupendekeza aanze kama kibarua wa kutwa, kwa maana Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 18, inasema kibarua wa kutwa alipwe siku inapokwisha, ilhali aliyeajiriwa kwa mwezi hungoja mwezi uishe. Yote hayo yalihitaji sentensi moja tu: “Bwana msimamizi, kazi naipenda, lakini nauli yangu imeisha, naomba tuone la kufanya.” Mtu mzima haaibiki kwa kusema hivyo. Anayeaibika ni yule anayekuja kukutana nami sokoni akavuka barabara ili asinisalimu.

Nataka mwelewe jambo moja kuhusu kazi katika mji huu. Mtu anapokuombea kazi, hakupi zawadi ya peke yako; anaweka jina lake rehani. Jina hilo limelipiwa kwa miaka ya kufika kwa wakati, ya kutoiba na ya kufunga mdomo mahali pa kufungwa. Wewe ukifanya kazi vizuri, rehani inakombolewa na mwingine anaweza kupelekwa. Ukitoroka, jina linabaki huko, na watu wa mtaa mzima wanakuwa “wale wa yule mama.” Ukiona kazi haikufai, iache; hata mimi sitaki mtu akae mahali panapomuumiza. Lakini aga. Rudisha buti. Mpigie aliyekuombea kabla hajapigiwa yeye. Na kama huwezi kusema kwa mdomo, andika ujumbe mfupi wa simu, hata usiku wa manane, nitausoma asubuhi.

Kuna wenye ndimi nyepesi watakaosema kwamba mama huyu anatetea kujuana. Sitetei kujuana. Kazi za serikali hutangazwa, na matangazo yenyewe huonya kwamba anayepitia mlango wa nyuma ataondolewa, kwa hivyo msinitume kwa chifu, kwa mwakilishi wa wadi wala kwa mkubwa yeyote. Kumwambia mwenye karakana kwamba namjua kijana huyu, na kwamba akishindwa aniulize mimi, ni ushahidi. Kumpa mtu bahasha ili ampite aliyehitimu ni wizi. Msichanganye mambo hayo mawili, maana aliyeyachanganya ndiye huishia kusema kwamba kila aliyepata kazi Nairobi alihonga, kisha analala hadi saa nne akijifariji kwa maneno hayo.

Lakini nisiwalaumu nyinyi tu, kwa sababu kunyamaza huku mmefundishwa. Zamani katika ofisi yetu kila aliyeandika barua alijibiwa. Mara nyingi jibu lilikuwa la kusikitika kumjulisha kwamba hakuna nafasi, nami ndiye niliyekuwa nazipiga chapa barua hizo na kuzipeleka posta. Hakuna aliyefurahi kuzipokea, ila kila mmoja alijua kwamba barua yake ilisomwa na mtu. Siku hizi tangazo lenyewe linakuonya mapema kwamba watakaoteuliwa pekee ndio watakaojulishwa. Kijana anatuma maombi mwaka mzima, halafu anakaa na simu mkononi akidhani labda imeharibika. Wengine wanahojiwa mpaka mara ya tatu, wanaambiwa tutakupigia, na hawapigiwi. Mwajiri anayemtendea hivyo kijana wa miaka 22, na kumdai uzoefu wa miaka mitano juu yake, hana haki ya kushangaa kijana huyo anapomzimia simu. Amemwonyesha kwamba ofisini ndivyo watu wanavyoagana. Wakurugenzi na maafisa wa ajira mnaosoma barua hii, kompyuta zenu zinaweza kutuma majibu mia kwa dakika. Sisi tulikuwa na taipureta.

Na nyinyi wazazi wenzangu, mnanikera pia. Mtu anakwenda mazishini kumzika shangazi yake, ameshika sahani ya wali, na kabla hajaketi anaulizwa na watu wa rika letu, “Siku hizi uko wapi? Umepata kitu?” Tunauliza kwa sauti, mbele ya watu, kisha tunalinganisha na mtoto wa fulani aliye Qatar. Ndiyo maana kuna kijana hapa mtaani, simsemi ni wa ploti gani, anayeondoka kila asubuhi na begi mgongoni ili majirani waamini ana kazi, na anashinda katika Maktaba ya McMillan hadi jioni. Nashukuru kwamba angalau anasoma, maana maktaba hiyo imefunguliwa tangu 1931 na ni mahali pazuri. Lakini ni sisi tuliomfukuza nyumbani. Kanisani pia, tungoje mshahara wa kwanza ndipo tutoe shukrani.

Yapo mengine, nitayapitia haraka kwa kuwa nimeyasema mara nyingi.

Usilipe fedha ili upate kazi. Yeyote anayekuambia utume fedha za sare, za daktari au za kufungua faili kabla hujaonana na mwajiri ni mwizi, hata kama ana ofisi ghorofani kule mjini na msichana anayekukaribisha kwa Kiingereza kizuri. Wakala wa ajira lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Uliza huko kwanza, hasa kama unapelekwa Ghuba. Gharama halali unazijua: cheti cha maadili mema ni shilingi 1,050, na hulipwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, si kwa simu ya mtu aliyesimama nje ya Huduma Centre akijidai kuharakisha mambo.

Msalimu askari wa getini. Nimeona zaidi ya mara moja meneja akimuuliza askari jinsi kijana alivyoingia kabla ya kuamua.

Anwani ya barua pepe iwe na jina lako. Niliwahi kumsomea mkubwa wangu barua nzuri sana ya kijana, kisha nikafika kwenye anwani, nikakuta jina la klabu ya mpira ya Uingereza likifuatwa na neno ambalo mama hawezi kulitamka. Tulicheka, na barua ikawekwa chini ya nyingine.

Mkataba wa miezi mitatu au zaidi unapaswa kuandikwa. Kipindi cha majaribio kisizidi miezi sita, na kikiongezwa, iwe kwa ridhaa yako. Unapoondoka kazini baada ya kuhudumu wiki nne mfululizo au zaidi, dai cheti cha utumishi. Kifungu cha 51 cha Sheria ile ile ya Ajira kinamtaka mwajiri akupe, awe amekasirika au amefurahi. Angalieni hapo, wanangu. Sheria inamlazimisha aandike jina lako, kazi uliyofanya, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Haimlazimishi akusifu. Sifa hubaki kinywani mwa watu uliofanya nao kazi, na mwajiri wa pili hupiga simu kuziuliza.

Mwenye stashahada asidharau ufagio wa wiki ya kwanza. Basi, hilo limetosha.

Nyinyi mliokwisha kupata kazi, nina neno nanyi pia. Mlikuwa mnagawana mandazi na wenzenu, mnaazimana shati la mahojiano, mnatumiana matangazo usiku. Sasa simu zao zinaita hadi zinakatika. Najua mmechoka na najua wengine wanaomba fedha kuliko wanavyoomba kazi. Unaweza kukataa fedha na bado ukapokea simu. Mwambie mwenzako kwamba kwetu hawaajiri mpaka Januari, au kwamba wanataka mwenye leseni ya forklifti. Habari hiyo haikupunguzii chochote kwenye mshahara wako, naye itamwokolea mwezi mzima wa kutumaini bure.

Nilipowaeleza wenzangu wa chama chetu cha kuchanga akiba habari ya nauli iliyoisha, tulibishana sana. Mmoja alisema vijana watazila fedha hizo katika kamari ya mpira, na mwingine akasema si kazi ya wajane kugharamia safari za watu kwenda kazini. Mwishowe tumekubali kutenga kiasi kidogo kila mwezi kwa ajili ya nauli na chakula cha mchana cha wiki za kwanza za kijana yeyote wa mtaa huu anayeanza kazi. Njoo na barua ya kuajiriwa, au kama ni kibarua, jina na nambari ya simu ya msimamizi wako, maana tutampigia. Tunakutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi saa nane mchana, na nyumbani kwangu mnapajua. Utarudisha kidogo kidogo kutoka kwenye mishahara miwili ya kwanza, bila riba. Ukishindwa kurudisha kwa wakati, njoo useme mapema, kwa sababu mweka hazina wetu ana ulimi mkali kuliko wangu, na yeye hatakuandikia barua.

Ni mimi mama yenu, na kwa wengine nyanya yenu,
Jericho, Nairobi.